Manjano kwa Mtoto Mchanga Mwenye Sindromu ya Down: Namna ya Kuchunguza Ini na Mirija ya Nyongo Mapema

Mtoto mchanga mwenye sindromu ya Down akigeuka manjano, sababu za kumtuliza mzazi hazikosekani. Ataambiwa mtoto hanyonyi vya kutosha kwa kuwa misuli yake ni legevu, au chembe nyekundu za damu zimezidi, au tezi ya shingo imelegea, au moyo una tundu. Zote ni sababu za kweli, na kila moja huweza kuleta manjano. Hatari ni pale ambapo moja ikishatajwa, uchunguzi unakomea hapo. Nyuma yake ini huenda linajaa makovu, au mirija ya nyongo imeziba, na hakuna aliyeangalia.

Hesabu ya siku ndiyo inayotusukuma kuandika mwongozo huu. Kuziba kwa mirija ya nyongo hutibiwa kwa upasuaji, na matokeo ni mazuri zaidi mtoto akipasuliwa kabla ya siku 60. Kliniki ya wiki 6 huangukia siku ya 42. Mtoto atakayegunduliwa siku hiyo amebakiwa na siku 18 za kupata rufaa, vipimo, damu ya akiba na nafasi ya chumba cha upasuaji. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaanza siku ya kuzaliwa. Zimeandikwa kwa ajili ya mzazi na kwa muuguzi au tabibu wa zahanati pia, kwa sababu hawa wawili ndio wanaomwona mtoto kwanza.

Neno moja kwanza. Manjano tunayozungumzia hapa si homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Ni rangi inayoletwa na bilirubini, takataka ya damu iliyovunjika ambayo ini huichakata na kuitoa pamoja na nyongo. Haiambukizi.

Hatua ya 1: Vipimo vya siku za mwanzo, hata kama mtoto anaonekana mzima

Kila mtoto anayeshukiwa au kuthibitishwa kuwa na sindromu ya Down anahitaji vipimo vitatu mapema. Visisubiri manjano, wala visisubiri majibu ya kromosomu.

Cha kwanza ni picha kamili ya damu pamoja na damu kupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, ndani ya siku 3 za kwanza. Mashine peke yake haitoshi. Kinachotafutwa ni seli changa za damu ambazo mashine huweza kuzihesabu kama chembe nyeupe za kawaida. Andika kwenye fomu, "mtoto wa Down, angalia seli changa," ili mtu wa maabara ajue anatafuta nini.

Cha pili ni kipimo cha tezi ya shingo, yaani TSH. Damu ichukuliwe baada ya saa 48 hadi 72 tangu kuzaliwa, kwa sababu TSH ya mtoto yeyote hupanda ghafla baada ya kuzaliwa kisha hushuka. Ikichukuliwa mapema mno inapotosha. Kirudiwe miezi 6, miezi 12, halafu kila mwaka.

Cha tatu ni altrasaundi ya moyo ndani ya mwezi wa kwanza, hata kama hakuna sauti isiyo ya kawaida kifuani. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na tundu kubwa huweza kuwa kimya wiki za mwanzo.

Vilevile, hakikisha kwenye kadi imeandikwa kwamba mtoto alichomwa vitamini K, miligramu 1, alipozaliwa. Aliyezaliwa nyumbani au njiani mara nyingi ameikosa. Umuhimu wake utaonekana kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Choo na mkojo, kila siku, kwenye mwanga wa jua

Hapa mzazi ana uwezo kuliko mashine yoyote. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Isipofika kwenye utumbo, choo hupauka, na bilirubini iliyokosa njia hutokea kwenye mkojo.

Choo kizuri cha mtoto anayenyonya ni cha njano iliyokolea kama binzari au haradali, au kijani, au kahawia kama uji wa ulezi. Kijani huwatisha wengi bure. Kijani ni nyongo, maana yake mrija unapitisha. Choo cha kutia hofu ni cheupe kama chokaa, kijivu kama udongo wa mfinyanzi, au cha rangi ya uji wa sembe. Watu hukosea zaidi kwenye rangi ya katikati, ile njano hafifu ya krimu ambayo bibi atasema "si bado ina unjano?" Hiyo nayo ihesabiwe kuwa imepauka. Kipasue choo kwa kijiti uangalie ndani, kwa kuwa ute wa utumbo wa mtoto mwenye manjano huweza kukipaka rangi juu tu.

Kitazame nje, asubuhi au mchana, mbali na ukuta wa rangi kali. Taa za ndani hubadilisha rangi, na picha ya simu hudanganya zaidi. Ukienda hospitali, chukua nepi yenyewe kwenye mfuko mweupe unaoonyesha ndani. Taiwan waliwapa wazazi wote kadi ya rangi za choo kuanzia 2004, na watoto wakaanza kugunduliwa na kupasuliwa mapema zaidi. Pasipo kadi, kulinganisha na binzari na sembe za jikoni kunasaidia.

Mkojo wa mtoto mchanga haufai kuwa na rangi. Nepi ya kitambaa cheupe ikiloa, ikikauka, ibaki nyeupe. Ikibaki na doa la njano au la rangi ya chai lisilotoka mpaka ufue, hiyo ni dalili kamili hata kama ngozi haionekani kuwa na manjano.

Kwenye ngozi nyeusi manjano hujificha. Bonyeza ncha ya pua au katikati ya kifua kwa kidole sekunde 2, achia, utazame rangi kabla damu haijarudi. Angalia pia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Mtoto akifumba macho, mwinamishe taratibu kisha umsimamishe, kwa kawaida atayafumbua mwenyewe.

Hatua ya 3: Siku ya 14, pima bilirubini mbili

Manjano ya kawaida huanza siku ya 2 au 3, hukolea siku ya 4 au 5, na hutoweka ndani ya wiki 2. Yakianza ndani ya saa 24 za kwanza, mtoto aende hospitali siku hiyohiyo. Yakiwepo bado siku ya 14 (siku ya 21 kwa njiti), pima. Choo kikipauka au mkojo ukikolea, pima leo, hata kama ni siku ya 5.

Kosa la kila siku liko kwenye fomu ya maabara. Ikiandikwa "bilirubini" tu, hurudi namba moja, ya jumla, na namba hiyo haikuambii lolote kuhusu nyongo. Omba mbili: jumla, na dairekti, yaani ile ambayo ini limeshaichakata. Chupa ya damu ifunikwe kwa karatasi ya foili hadi maabara, kwa sababu mwanga huvunja bilirubini, na sampuli iliyokaa dirishani saa 2 huleta jibu la uongo la kutuliza.

Dairekti ikizidi mikromoli 17 kwa lita (sawa na miligramu 1 kwa desilita), si ya kawaida. Tuseme watoto wawili wote wana jumla ya 140. Wa kwanza dairekti yake ni 11, wa pili ni 78. Kwa macho, wote ni wa manjano sawasawa. Wa kwanza tatizo lake kwa kawaida liko nje ya mirija ya nyongo. Wa pili anahitaji rufaa wiki hiyohiyo.

Kumwanika mtoto jua la asubuhi hakumsaidii huyu wa pili hata kidogo. Mwanga hufanya kazi kwenye bilirubini ambayo ini bado halijaichakata. Ile iliyokwama baada ya ini, mwanga hauigusi, na taa za bluu huweza kumgeuza rangi ya shaba. Maji ya glukosi na dawa za mitishamba nazo humjaza tumbo, zikimwacha na maziwa pungufu na ini lenye mzigo zaidi. Wanaoshauri hivi huwa wanampenda mtoto, na hatuwalaumu. Ila siku zinapotea.

Ikiwa dairekti iko chini

Angalia TSH kwanza, maana tezi iliyolegea ni ya kawaida zaidi kwa watoto hawa, na dalili zake (usingizi mwingi, ulegevu, ulimi mkubwa, kukosa choo, kitovu kilichotokeza) hufanana na sindromu yenyewe, hivyo husemwa "ndivyo walivyo." Tezi ikithibitika, levothairoksini (homoni ya tezi ya kumeza) huanzishwa kwa mikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, na isicheleweshwe, kwa sababu ubongo hauisubiri.

Pima unene wa damu, kwani chembe nyekundu kuzidi ni jambo la kawaida kwao. Mtazame akinyonya kwa dakika 10 nzima: je, anameza, au anachezea tu titi kwa midomo? Ulegevu humfanya achoke mapema. Mkamulie mama maziwa, umnyweshe kwa kikombe baada ya kunyonya, kila saa 2 hadi 3, na umpime uzito kila baada ya siku 3. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, nao uko kwetu, hasa pwani, kwa hiyo nguo zake zisihifadhiwe na vidonge vya kufukuza nondo, vile vyeupe vyenye harufu kali. Nafthalini huvunja damu ya mtoto mwenye upungufu huo.

Hatua ya 4: Ikiwa dairekti iko juu, ni nini kati ya hivi?

Leukemia ya mpito (saratani ya damu ya mtoto mchanga ambayo mara nyingi huisha yenyewe) ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa mtoto wa Down, na ndiyo inayosahaulika na asiyezoea. Takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa nayo. Seli changa zenye badiliko katika jeni ya GATA1 huzaliana, nyingi zikikaa kwenye ini, na hutoa kemikali zinazotengeneza makovu humo. Dalili zake ni ini na bandama kubwa, vipele, maji kuzunguka moyo au mapafu, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) pungufu, na nyongo iliyokwama. Wengi hupona bila dawa ndani ya miezi 3. Lakini ini huweza kuendelea kuharibika wakati damu inaonekana kupona, kwa hiyo daktari asiridhike na seli changa kupungua. Arudie dairekti, albumini (protini inayotengenezwa na ini) na kipimo cha kuganda kwa damu kila wiki. Chembe nyeupe zikizidi 100 × 10⁹ kwa lita, au ini likishindwa, hupewa saitarabini, dawa ya saratani, kwa kipimo kidogo hospitalini.

Kuziba kwa mirija ya nyongo ni nadra kuliko hiyo, ila ndio unaokimbizana na saa. Mtoto huonekana mwenye afya na huongezeka uzito wiki za mwanzo, jambo linalowadanganya hata wataalamu. Choo hupauka polepole. Kimeng'enya cha GGT huwa juu. Mtego mkubwa uko kwenye altrasaundi: wengi hudhani mirija ikiziba itaonekana imevimba. Katika ugonjwa huu haivimbi, kwa sababu imegeuka kovu. Ikionekana imevimba, fikiria uvimbe wa kuzaliwa wa mrija mkuu, au jiwe.

Altrasaundi hiyo ifanywe mtoto akiwa hajanyonya kwa saa 4. Akinyonya kabla, kifuko cha nyongo hujiminya kikaonekana kama hakipo. Panga awe mtoto wa kwanza asubuhi, mama awe na maziwa tayari ya kumpa mara tu inapokwisha. Kifuko kisichoonekana, au kilicho chini ya sentimita 1.5, kinatia shaka. Kifuko cha kawaida hakiondoi shaka. Mwombe mpimaji aangalie na mshipa mkuu wa ini kwa dopla, maana watoto wa Down huweza kuzaliwa na njia ya mkato inayopitisha damu pembeni ya ini, na asipoitafuta njia hiyo hataiona.

Kasoro nyingine ni mirija midogo ndani ya ini kuwa michache mno, na hii huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha ini kwa sindano. Chembe sahani na kuganda kwa damu vipimwe kabla.

Moyo nao hujaza ini. Mtoto mwenye tundu kubwa la moyo hutoka jasho kichwani akinyonya, hupumua haraka, na ini lake huteremka. Lipapase ukianzia chini karibu na nyonga ya kulia, ukipanda taratibu kila anapovuta pumzi. Ukianzia juu utalipita. Sentimita 1 hadi 2 chini ya mbavu ni kawaida. Kumbuka tumbo la mtoto wa Down ni legevu, hivyo ini hupatikana kwa urahisi, pima kwa rula uandike, usiseme tu "linapapasika."

Mtoto aliyezaliwa na utumbo ulioziba mara tu baada ya mfuko wa chakula (hutapika kijani tangu siku ya kwanza au ya pili, na eksirei huonyesha mapovu mawili) huweza kukwama nyongo baada ya upasuaji kwa sababu ya kulishwa kwa mshipa muda mrefu. Dawa kuu ni kuanza maziwa ya mama mapema, hata mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Mawe na tope la nyongo nayo huonekana zaidi kwa watoto hawa. Seftriaksoni, sindano inayochomwa kirahisi mno kwetu, hutengeneza tope hilo, na haitakiwi kabisa kwa mtoto mchanga mwenye manjano, kwa kuwa huisukuma bilirubini itoke kwenye protini ya damu. Isichanganywe pia na dripu yenye kalsiamu. Mkumbushe mtoa huduma bila woga.

Mwisho, maambukizi: pima mkojo (UTI pekee huweza kuleta dairekti ya juu), kaswende ya mama, na malaria.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kupata sababu moja hakufuti nyingine. Mtoto mwenye seli changa na choo cheupe kisichobadilika bado anahitaji kuondolewa shaka ya mirija kuziba.

Hatua ya 5: Wakati wa kusubiri rufaa

Nyongo isipofika kwenye utumbo, mafuta hayayeyuki, na vitamini A, D, E na K haziingii mwilini. K ndiyo inayoua haraka. Mtoto wa wiki 2 hadi 12 mwenye nyongo iliyokwama huweza kuvuja damu kichwani bila kuanguka popote. Kidonda cha kitovu kinachotoa damu, damu puani, michubuko, utosi uliovimba, degedege: yoyote kati ya hizi ni dharura ya saa hiyo. Mtoto mwenye dairekti ya juu apewe sindano ya vitamini K kituoni kabla ya kusafirishwa, bila kusubiri jibu la kuganda kwa damu.

Mama aendelee kunyonyesha. Mtoto huyu anahitaji nishati karibu 125 hadi 150 kwa mia ya mahitaji ya kawaida, na pale panapopatikana, huongezewa maziwa maalumu yenye mafuta ya mnyororo wa kati. Usimtilie mafuta ya nazi kwa kukisia. Mtoto mlegevu huweza kuyapalia. Asidi ya ursodeoksikoliki, dawa ya kusaidia nyongo itiririke, huandikwa na daktari, kwa kawaida miligramu 10 hadi 20 kwa kilo kwa siku, na haifungui mrija ulioziba. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zisiachwe, maana ndani yake mna kinga ya homa ya ini B.

Hatua ya 6: Rufaa na upasuaji

Rufaa iende moja kwa moja kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando, KCMC, Kenyatta au Mulago. Barua iwe na umri kwa siku ("siku 31," si "mwezi 1"), bilirubini zote mbili, rangi ya choo, majibu ya damu iliyotazamwa kwenye kioo, TSH na altrasaundi ya moyo. Barua isiyo na majibu ya moyo huahirisha upasuaji kwa wiki, kwani mtoa dawa ya usingizi hatakubali bila hayo. Naye aambiwe mapema kuwa ni mtoto wa Down, ili shingo yake isipindwe sana wakati wa kuwekewa mpira wa hewa.

Mezani, daktari huingiza rangi kwenye kifuko cha nyongo na kupiga picha. Rangi ikishuka kwenye utumbo na kupanda kwenye ini, mirija iko wazi, na upasuaji huishia hapo. Isipopita, huondoa mirija iliyogeuka kovu na kuunga kitanzi cha utumbo mwembamba kwenye mlango wa ini, mbinu iliyobuniwa na Mjapani Morio Kasai. Baada ya hapo dalili ya matumaini ni choo kurudi na rangi, na bilirubini ya jumla kushuka chini ya mikromoli 34 kwa lita ndani ya miezi 3. Isiposhuka, njia inayobaki ni kupandikizwa ini, na kwa familia nyingi za kwetu hiyo ni safari ya India. Sindromu ya Down peke yake si sababu ya kumnyima mtoto upasuaji wowote kati ya hii miwili. Ukiambiwa hivyo, omba maoni ya daktari wa pili.

Hatua ya 7: Nyumbani baadaye

Aliyefanyiwa upasuaji wa Kasai akipata homa, au choo kikipauka tena, ahesabiwe ana maambukizi ya mirija ya nyongo mpaka ithibitike vinginevyo. Anahitaji dawa za mshipa siku hiyo. Dawa ya homa ya dukani huficha tu joto. Tumbo likijaa maji au akitapika damu, arudi usiku huohuo.

Aliyekuwa na leukemia ya mpito apimwe picha ya damu na kioo kila miezi 3 hadi atimize miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi miaka 4, kwa sababu 20 hadi 30 kwa mia ya watoto hao hupata leukemia kamili ndani ya muda huo. Ikigunduliwa mapema, wengi wao hupona. Andika tarehe hizo zote kwa kalamu kwenye jalada la kadi ya kliniki, ili yeyote atakayemleta mtoto, awe baba, shangazi au bibi, azione kabla hajaifungua.